Maswali Yenu: Baba Ana Waldenström, Tuuze Shamba la Miti?

Toleo lililopita nilitaja Waldenström kwa mistari miwili tu, nikijibu swali la msomaji aliyeuliza damu nzito ni nini, basi mwezi mzima meseji zimekuwa hizo hizo, Makete, Tukuyu, Iringa, Mafinga, hadi nikasema sawa, safu ya mwezi huu iwe yenu. Kwa ambaye haikumpita mbele: ni kansa ya damu inayoanzia kwenye seli B, zile chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili. Ni ya nadra kwelikweli, Marekani wanakadiria wagonjwa wapya kama 3 kwa kila watu milioni kwa mwaka, na wengi wao ni wazee. Imepewa jina la daktari wa Sweden, Jan Waldenström, aliyeandika mwaka 1944 kuhusu wagonjwa wawili waliokuwa wanatokwa damu puani na mdomoni, tezi zimevimba, damu imepungua na ni nzito. Seli zenyewe hukaa zaidi kwenye uboho, ndani ya mifupa, na kazi yao mbaya ni kumwaga protini moja kubwa inayoitwa IgM.

Naanza na barua ambayo haikustahili kusubiri gazeti.

Shikamoo dokta. Tupo Tukuyu, mama ana miaka 71, walishasema ni Waldenström na IgM yake ni 6,800. Wiki hizi mbili damu inamtoka puani yenyewe tu, macho anaona ukungu, kichwa kinamuuma. HB ni 7 tumeambiwa tutafute watu wa kumchangia damu. Jirani anasema damu nzito inalainishwa na malimao na kitunguu swaumu. Tuanze na kipi?

Marahaba mwanangu. Wewe nilikupigia siku ileile na najua mlishaondoka, haya nayaandika kwa ajili ya wengine wenye mgonjwa kama mama.

Malimao hayagusi kitu hapo. IgM ni kingamwili tano zimeunganishwa kuwa kitu kimoja kikubwa, na kwa ukubwa huo nyingi inabaki humohumo ndani ya mishipa, haitoki nje. Ikizidi, damu inatembea kwa shida kwenye mishipa midogo, ndio maana inaanza na pua, fizi, macho, kichwa, masikio kuvuma, na akiachwa inafika kwenye kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu. Daktari akimulika nyuma ya jicho anaona mishipa imevimba imejikunja, kipimo hicho hakihitaji hela nyingi wala Dar. Na kwenye darubini ya maabara, ile FBP, yaani kipimo cha picha nzima ya damu, ikiangaliwa kwa macho badala ya kuachiwa mashine peke yake, chembe nyekundu zinaonekana zimepangana kama sarafu kwenye bomba. Mtaalamu wa maabara akiona hivyo, ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kutuama chini, nayo imepanda juu sana, anajua kuna protini isiyo ya kawaida hapo.

Matibabu ya dharura ni kubadilisha plazma, yaani anaunganishwa na mashine, damu inatoka, sehemu ya majimaji yenye IgM inatupwa, chembe zinarudishwa mwilini na majimaji mengine safi. Kwa kuwa IgM nyingi ipo kwenye mishipa, ndani ya masaa machache mtu anaanza kuona vizuri. Haiponyeshi kansa, inanunua muda wa kuanza dawa. Sio kila hospitali ina hiyo mashine, kwa hiyo kabla hamjapanda gari piga simu muulize ipo na inafanya kazi, msije mkatoka hospitali moja mkalala njiani mkaambiwa nendeni nyingine.

Sasa la kumchangia damu, hapa ndio nilishtuka. Kwa mgonjwa mwenye dalili za damu nzito, kumwongezea chembe nyekundu kabla ya kupunguza IgM kunaweza kuifanya damu iwe nzito zaidi, na ile HB ya 7 yenyewe kuna sehemu inatokana na plazma kuwa nyingi mwilini, sio damu yote imekwisha. Simaanishi mkatae damu, kuna mgonjwa lazima apewe, ninachosema daktari anayeagiza damu ajue mama ana Waldenström na IgM ni 6,800. Mwambieni kwa mdomo, msitegemee faili. Hali kadhalika sindano ya rituksimabu, ni dawa nzuri sana ya ugonjwa huu ila ina tabia ya kupandisha IgM mwanzoni kabla ya kuishusha, kwa hiyo mwenye IgM ya juu hivyo hapigwi kwanza hiyo.

Na kitunguu swaumu kwa wingi, pamoja na aspirini za dukani, vyote vinaongeza kutokwa damu. Pua tayari inavuja jamani.

Dokta habari. Baba yangu ana 66, tunaishi Makete. Alienda kupima presha tu, wakaona ESR iko juu, tukapelekana hadi Dar, wakamchoma kiunoni kutoa uboho. Karatasi imeandikwa Waldenström, MYD88 L265P ipo. HB 12.6, IgM 2,300. Baba anapalilia viazi kama kawaida hana hata homa. Sasa wamesema hawampi dawa, arudi baada ya miezi mitatu! Ukoo umekaa kikao, wanasema hospitali imemkatia tamaa. Baba mdogo anasema India wanapima aina yenyewe ya kansa, CXCR4, na tuuze shamba la miti twende. Miti haijafika hata miaka nane. Nisaidie maana mimi ndio binti mkubwa.

Pole na kikao, najua vikao vyetu vya ukoo huku nyanda za juu, mwenye sauti kubwa ndio anaondoka na uamuzi. Soma hili jibu lote kwa sauti mkikutana tena.

Tuanze na hiyo MYD88 inayowatisha. Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Boston, taasisi ya Dana-Farber, walisoma DNA yote ya seli za wagonjwa wa Waldenström wakakuta karibu wote wana kosa lilelile moja, sehemu moja ya jeni ya MYD88, kipande namba 265 cha protini yake kimebadilishwa, penye leusini pamewekwa prolini. Kosa dogo hivyo. Ila kazi ya MYD88 ni kupokea taarifa za hatari, bakteria wameingia, na kuiamsha seli, kisha inatakiwa inyamaze, na hii iliyobadilika hainyamazi. Inaendelea kuiambia seli ishi, zaana, ishi, kupitia njia ambayo ndani yake kuna kimeng'enya kinaitwa BTK, kishike hicho maana dawa za siku hizi zinakaa hapohapo. Zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 wanayo. Kwa hiyo karatasi ya baba inachosema ni kwamba jina la ugonjwa ni sahihi. Haisemi umefika wapi, haisemi mkimbie. Kuna watu hawana hata kansa, wana IgM ya juu kidogo tu isiyo na madhara, na karibu nusu yao ukiwapima unaikuta hiyohiyo L265P.

Kinachoamua siku ya kuanza dawa ni mwili wa baba. Wataalamu wa ugonjwa huu walikutana Athens mwaka 2002 wakakubaliana nani aanzishiwe, na mpaka leo mambo hayajabadilika sana: HB ikishuka chini ya 10 kwa sababu ya ugonjwa, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, chini ya 100,000, homa na jasho la usiku na kukonda bila sababu, tezi au bandama kuwa kubwa za kusumbua, ganzi miguuni inayopanda, au damu nzito kama ya yule mama wa Tukuyu. Baba hana hata moja. HB 12.6 anapalilia viazi! Kumwanzishia dawa mtu wa hivyo hakujaonekana kumwongezea maisha, ila madhara ya dawa atayapata yote, na kinga yake itashuka, na hela itaisha kabla siku yenyewe ya kuihitaji haijafika. Kuna watu wanakaa hivyo miaka mingi, na wapo wanaofariki uzeeni kwa mambo mengine kabisa. Kwa hiyo waliposema arudi baada ya miezi mitatu hiyo ndio tiba ya sasa, na mimi ningesema hivyohivyo. Tatizo ni kwamba huwa tunaisema kwa haraka kliniki, mgonjwa na ndugu wanatoka mlangoni wanajiona wamefukuzwa, hilo ni kosa letu sisi wenye makoti meupe.

Ila miezi mitatu ni miezi mitatu. Sio mpaka avune. FBP na IgM vinapimwa, na mkae macho kwenye zile dalili nilizotaja.

Haya, CXCR4. Baba mdogo hajakosea, ipo kweli na ni ya maana, amekosea saa. Wagonjwa kama 30 mpaka 40 kati ya 100 wana kosa la pili, kwenye jeni ya CXCR4. Hii ni pokezi juu ya ngozi ya seli, ndiyo inayoiita seli irudi kukaa kwenye uboho, ikibadilika mkia wake unakuwa umekatika na ule wito hauzimiki, kwa hiyo seli zinajazana kwenye uboho zaidi kuliko kwenye tezi, na mara nyingi IgM inakuwa juu zaidi. Ndio tunapopata yale makundi matatu mnayoyasikia: wenye MYD88 peke yake, wenye MYD88 pamoja na CXCR4, na wachache ambao MYD88 haijabadilika. Ugonjwa mmoja lakini hawaendi mwendo mmoja.

Kupima MYD88 ni rahisi kwa sababu kosa liko sehemu moja karibu kila mara. CXCR4 makosa yake ni mengi, aina zaidi ya 40, lazima jeni isomwe herufi kwa herufi kutoka kwenye uboho, ndio maana sampuli zinasafirishwa na bei inakuwa ile. Na jibu lake linasaidia wakati wa kuchagua dawa, hasa ile jamii ya kuzuia BTK. Baba hachagui dawa sasa hivi. Mkipima leo mtarudi na karatasi nzuri kutoka India na jibu litakuwa lilelile, arudi baada ya miezi mitatu. Siku daktari akisema sasa tunaanza, na vidonge vya BTK vipo kwenye mazungumzo, hapo muulizeni CXCR4, na hata hapo sio lazima asafiri mgonjwa, inasafiri sampuli. Miti ya miaka minane ukiiuza unapewa bei ya kuni. Iacheni.

Mimi nipo Uyole. Kaka yangu alipimwa nje ana zote mbili, MYD88 na CXCR4. Ameanza ibrutinibu, mwezi wa nne huu. Mwenzake waliokuwa naye wodini ana MYD88 tu na dawa hiyohiyo, IgM yake imeporomoka, ya kaka inashuka kama konokono. Anataka kuacha arudi kwa mganga wa miti shamba.

Mwambie asiache, na asijilinganishe na yule mwenzake, sio kundi moja.

Ibrutinibu ni mojawapo ya vile vidonge vya kuzuia BTK. Kwenye utafiti uliofanya ikubaliwe Marekani kwa ugonjwa huu, Januari 2015, walikuwa wagonjwa 63 waliokuwa wameshatibiwa kwa dawa nyingine. Walipofuatiliwa kwa miaka, wenye MYD88 peke yake waliopata nafuu kubwa walikuwa kama 97 kati ya 100, wenye zote mbili kama 68, na nafuu yao ilichelewa kuja. Kwa hiyo konokono wa kaka yako anajulikana, yumo kwenye vitabu. Angalia na HB, ikipanda na nguvu zikirudi dawa inafanya kazi hata kama IgM inajivuta.

Kuacha ghafla ni hatari, IgM inaweza kuruka juu ndani ya wiki chache na homa na uchovu vikarudi. Kama moyo wake unaruka mapigo, hilo ni tatizo linalojulikana la ibrutinibu, arudi kliniki, kuna ndugu yake anaitwa zanubrutinibu ambaye walipolinganishwa usumbufu wake kwa moyo ulikuwa mdogo zaidi. Na wapo ambao CXCR4 yao inafanya daktari achague bendamustini na rituksimabu, dawa za kupitia mshipani kwa muda maalumu halafu basi, hizo haziyumbishwi sana na CXCR4. Hayo ni mazungumzo ya kliniki sio ya kilingeni.

Vitu vya kuangalia nyumbani: balungi asile, linapandisha dawa kwenye damu. Akipata kifua kikuu, na huku kwetu kipo, aseme mapema kabisa kwamba anatumia ibrutinibu, maana rifampisini inaishusha dawa mpaka inakuwa kama hajameza. Baadhi ya dawa za fangasi za kumeza nazo zinaipandisha. Miti shamba hatujui ndani kuna nini, na ibrutinibu yenyewe inaongeza kutokwa damu, kwa hiyo hata akienda kung'oa jino aseme kwanza. Parachichi ale tu, kuna mtu ameniuliza.

Iringa hapa. Mjomba wetu majibu yamerudi MYD88 haijabadilika! Tumeshukuru Mungu, tumechinja na mbuzi. Je sasa aache kliniki?

Mbuzi mmeshakula basi, ila kliniki asiache hata kidogo. Najua mtu akisikia hakuna badiliko anaona ni habari njema, kwa ugonjwa huu haiko hivyo.

Kwanza ulizeni sampuli ilikuwa damu ya mkononi au uboho, na ilichukuliwa kabla au baada ya kuanza matibabu. Damu ya mkononi ina seli chache za ugonjwa, na baada ya rituksimabu zinapungua zaidi, kipimo kinaweza kukosa kitu ambacho kipo. Pili, daktari atarudi nyuma kujiuliza kama kweli hii ni Waldenström, kwa sababu kuna limfoma (kansa ya chembe nyeupe) nyingine ya seli B, ile ya ukanda wa pembeni, na kuna mayeloma (kansa ya seli za plazma) adimu inayotoa IgM, zote zinafanana nayo kwenye karatasi ila matibabu ni tofauti. Tatu, ikithibitika ndiyo yenyewe na MYD88 ni nzima, mjomba yuko kwenye lile kundi dogo, chini ya 10 kati ya 100, ambalo ibrutinibu peke yake hailiwezi, kwenye ule utafiti wa watu 63 hakuna hata mmoja wa kundi hili aliyepata nafuu kubwa. Na ugonjwa wao una uwezekano zaidi wa kugeuka kuwa limfoma kali inayokua haraka. Kwa hiyo tezi ikitokeza na kukua ndani ya wiki, au homa zikaanza, asisubiri tarehe ya kadi.

Nasoma maabara hapa Iringa. Mwalimu alisema Waldenström ina aina mbili, ya kumbukumbu na ya plazma. Mbona wewe unasema makundi matatu?

Swali zuri na mwalimu yuko sawa, ni njia nyingine ya kugawa. Ukiangalia uboho wa mgonjwa huyu kwenye darubini utaona mchanganyiko, seli ndogo za mviringo kama limfosaiti za kawaida, seli za plazma, zile zinazomwaga kingamwili, zenye kiini kilichokaa pembeni, na zilizo katikati. Mwaka 2020 watafiti walisoma alama za kemikali zinazobandikwa juu ya DNA, zile zinazoamua jeni gani isomwe na ipi ifunikwe, wakaona wagonjwa wanajigawa wenyewe kwenye mafungu mawili, fungu moja linafanana na seli B za kumbukumbu, jingine limeshasogea kuelekea seli za plazma. Inatusaidia kuelewa kwa nini wagonjwa wawili wenye L265P ileile hawafanani. Ila hakuna kliniki inayochagua dawa kwa kipimo hicho leo, kwenye chumba cha daktari bado ni MYD88 na CXCR4, na siku hizi jeni nyingine, TP53, pia inaulizwa, maana ikiharibika ugonjwa unakuwa mkorofi zaidi. Ukiulizwa kwenye mtihani andika yote.

Mafinga. Mama alifariki kwa huo ugonjwa. Sisi watoto watano tupimwe jeni?

Poleni sana. Hapana. Makosa haya yanatokea kwenye seli B ukubwani, hayapo kwenye yai wala mbegu, hamkuyarithi. Ni kweli kuna familia ambazo magonjwa ya seli B yanaonekana zaidi ya mtu mmoja, kwenye kliniki ya Boston kama mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa na ndugu wa karibu mwenye kitu cha namna hiyo, ila ndugu mzima asiye na dalili hapimwi. Daktari wenu ajue historia ya mama, inatosha.

Kamwene dokta. Njombe hapa. Babu anayo hii Waldenström, kila Juni na Julai vidole vinakuwa vya bluu na vinauma, tunamvalisha glovu mbili. Pia maabara walisema damu yake imeganda kwenye kichupa wakachukua tena, ikaganda tena.

Kamwene. Mnaniambia vitu viwili na mimi nadhani ni kimoja. IgM ya baadhi ya wagonjwa inajikusanya kwenye baridi, au inazishika chembe nyekundu zikashikana, na baridi yenu ya Juni mnaijua wenyewe. Kwenye vidole damu inakwama, kwenye kichupa inaonekana kama imeganda, na vipimo vinatoka vya ajabu, IgM inaweza kusomeka ndogo kuliko ilivyo kwa sababu nyingine imeshatuama chini. Hiyo ikisumbua vidole hivyo inaweza kuwa sababu ya kuanza matibabu hata kama HB ni nzuri, kwa hiyo mpelekeni msingoje joto la Oktoba. Glovu endeleeni nazo, na soksi, na asioshe vyombo kwa maji ya bombani asubuhi.

Siku ya kupima mwambieni mtaalamu wa maabara kabla hajamfunga mpira mkononi: kichupa kiwe na joto, kikae kwenye nyuzi 37 tangu kinatoka mkononi mpaka kinatenganishwa plazma. Kikibebwa mfukoni kwenye korido ile yenye upepo, mtarudia tena.